Bakuli la Ukutani na Ndizi ya Ukutani

Hotuba hii niliitoa Dar es Salaam mbele ya walimu wa sanaa, mafundi na wanafunzi waliokutana kuandaa maonyesho ya vyombo vya nyumbani. Waliokosa kufika wameiomba, basi naiweka yote kama nilivyoisema. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi mafundi mliojibana viti vya nyuma karibu na mlango kana kwamba shughuli ina wenyewe na nyinyi mmekuja kuchungulia tu. Wakubwa, shikamooni. Wadogo, hamjambo. Kabla sijaanza, mafundi sogeeni mbele. Mama mwenye mikeka, na wewe mzee wa madema ya kunasia samaki, njooni hapa. Nitangoja.

Ahsanteni.

Nimepewa swali moja: chombo cha kila siku kikitolewa jikoni au ufukweni, kikawekwa kwenye jumba la maonyesho, kinageuka kuwa sanaa? Swali hili huulizwa kana kwamba jibu limejificha ndani ya chombo, na tukikigeuzageuza vya kutosha tutalikuta limeandikwa kwenye kitako. Mimi leo nataka tumtazame zaidi huyo aliyekichukua. Nani kakitoa jikoni? Kwa ruhusa ya nani? Na sifa zikija, na fedha zikija, zinaingia mfuko gani?

Tuanze na choo. Mwenyekiti, usiinamishe kichwa, hii ni historia.

Aprili 1917, jijini New York, chama kipya cha wasanii kiliandaa maonyesho makubwa. Sharti lao lilikuwa jepesi: lipa dola 6, leta kazi yako, itapokelewa. Hakuna jopo la kuchuja, hakuna zawadi. Basi ikaletwa kazi ya mtu aliyejiita R. Mutt. Ilikuwa beseni la kukojolea wanaume, lile la kauri nyeupe linalofungwa ukutani, limelazwa chali na kuandikwa kwa rangi nyeusi "R. Mutt 1917". Jina la kazi: Chemchemi. Ada imelipwa.

Mnadhani wale waliosema hawachuji walifanya nini? Walikaa kikao. Wakabishana, wakapiga kura, wakaamua kitu kile si sanaa na hakitaonyeshwa. Mjumbe mmoja wa bodi yao, Mfaransa Marcel Duchamp, akajiuzulu. Baadaye ikajulikana kwamba aliyewatega wenzake ni yeye. Na hata hilo lina kona yake. Ipo barua aliyomwandikia dada yake mwezi ule ule, anasema aliyelipeleka beseni kwa jina la kiume ni rafiki yake wa kike, na wataalamu wanaibishania barua hiyo mpaka leo. Liwekeni akilini hilo, maana nitarudi kwenye saini.

Sasa nawauliza. Kipi kilichobadilika kwenye beseni lile? Kauri ni ile ile ya kiwandani. Umbo ni lile lile. Matundu ya maji ni yale yale. Lingefungwa ukutani jioni hiyo hiyo na kuunganishwa na bomba, lingefanya kazi bila malalamiko. Ila mtu kalilaza chali, kalipa jina, kalitia saini. Kitu kile kilistaafishwa kabla hakijaripoti kazini. Mwezi uliofuata kijarida kimoja kikaandika kwa kulitetea: haijalishi kama Bwana Mutt kalitengeneza kwa mikono yake au la, yeye kalichagua.

Kwa hoja hiyo milango ikafunguka. Duchamp mwenyewe alikuwa amekwisha kusimamisha gurudumu la baiskeli juu ya stuli mwaka 1913, na koleo la kuzolea theluji mwaka 1915, alilolinunua dukani kama mtu yeyote. Mwaka 2004 wataalamu 500 wa sanaa waliulizwa huko Uingereza ni kazi ipi ya zama hizi imeleta athari kubwa kuliko zote. Wakataja beseni.

Lakini sikilizeni sehemu ambayo haisimuliwi sana. Beseni lenyewe lilipotea. Tulichobaki nacho ni picha iliyopigwa na Alfred Stieglitz. Ilipofika mwaka 1964, umaarufu umekwisha kukua, Duchamp akaidhinisha nakala nane zitengenezwe. Je, walikwenda dukani kununua mengine? Hapana. Mabeseni ya mtindo ule yalikuwa hayapo tena. Wakatafutwa mafundi wa udongo, wakafinyanga kwa mikono, wakilinganisha na picha ya Stieglitz, ili kitu kilichotengenezwa kwa mkono kifanane na kitu kilichotoka kiwandani, ambacho sifa yake yote ni kwamba hakikutengenezwa na mkono wa msanii. Mmenifuata? Moja ya nakala hizo iliuzwa mnadani mwaka 1999 kwa zaidi ya dola milioni 1.7. Saini iliyoko ubavuni inasema R. Mutt. Ya fundi wa udongo haipo.

Sasa tutoke New York twende Kunduchi. Daladala inatosha.

Waliofika kwenye magofu ya Kunduchi wanyooshe mikono. Wachache. Aibu yetu, maana ni hapa hapa. Upo msikiti wa kale, na yapo makaburi yenye nguzo zilizosimama kama minara midogo. Kwenye nguzo zile wazee wetu walipachika mabakuli na sahani za kauri kutoka China. Mambrui, karibu na Malindi, iko nguzo nyingine ya namna hiyo. Na Kilwa Kisiwani, ukiingia kwenye msikiti ule mdogo wa makuba ukainua uso, utakuta mabakuli yamepachikwa kwenye dari lenyewe.

Nataka mtazame jinsi yalivyowekwa. Bakuli limesukumwa ndani ya chokaa ikiwa bado mbichi, kitako kimezama, mdomo umekuja sawa na lipu, unatazama nje. Pengi bakuli lenyewe halipo tena, limeng'olewa na mtu aliyejua bei yake. Hapo unabaki na tundu la duara, na ndani ya tundu duara jingine dogo, alama ya kitako ikiwa imejichapa kwenye chokaa. Karne zimepita na kitako bado kinasomeka.

Waliochoma mabakuli yale kule China walikusudia nini? Chakula! Na pwani hii tulikuwa tukiyalia. Vigae vyake vinaokotwa mpaka leo kila penye mji wa kale, Kilwa, Gedi, Shanga. Walikuwa wanakula ndani yake, walikuwa wanayavunja, walikuwa wanayatupa. Halafu siku moja mtu akachukua moja lisilo na ufa akasema, hili haliliwi tena. Akalitoa mezani akalipachika mahali ambapo hakuna atakayelitia wali. Wapo wanaosema ni kwa kuonyesha ukwasi, wapo wanaosema ni kinga ya kijicho, wapo wanaosema lilipendeza tu. Kwa vyovyote, kitendo ni kile kile tunachoambiwa kilibuniwa New York mwaka 1917: chukua kitu kilichotengenezwa na wengine kwa matumizi, kikatie matumizi, kiweke watu wakitazame. Sisi tulikuwa tukikifanya karne kadhaa kabla, tena bila kikao.

Sisemi hivyo ili tujigambe kwamba babu zetu ni akina Duchamp. Duchamp alitaka uone wazo lake, na uone jinsi bodi ilivyojikanyaga. Mtu wa Kunduchi alitaka umwone marehemu. Ukiniuliza ipi kati ya hizo mbili ni kazi nzito zaidi, nitakujibu bila kusita: ya Kunduchi. Lakini mimi ni mtu wa pwani, sina uadilifu katika hilo.

Tuje kwenye mamlaka. Nani huamua?

Wakati mwingine anayeamua ni afisa wa forodha. Mwaka 1926 ilishushwa bandarini New York kazi ya mchongaji Constantin Brancusi, Mromania aliyekuwa akiishi Paris. Shaba iliyong'arishwa, ndefu, nyembamba, imetanuka kidogo katikati. Jina lake Ndege Angani. Sheria ya Marekani ilisema sanaa haitozwi ushuru. Afisa akaizunguka ile shaba, akatafuta mabawa, hakuyaona. Akatafuta mdomo, hakuuona. Akaiweka kwenye fungu la vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, ushuru asilimia 40.

Mnacheka. Lakini mweke afisa wetu yeyote mbele ya kitu kile, bila karatasi, mwone ataandika nini.

Kesi ikaenda mahakamani. Aliyeinunua, mpiga picha Edward Steichen, akasimama kizimbani, akaulizwa: ungemwona huyu msituni, ungemlenga kwa bunduki? Akajibu hapana. Basi kwa nini unamwita ndege? Mvutano uliendelea hivyo hivyo, watu wazima na majoho yao, mpaka Novemba 1928 mahakama iliposema kwamba hata kama hakifanani na ndege, kitu hiki kimetengenezwa na mchongaji kwa ajili ya kupendeza, hakina kazi nyingine, basi ni sanaa.

Hakina kazi nyingine. Nirudie, mafundi mnisikilize. Hakina kazi nyingine! Kwa kipimo hicho, mkeka wako mama si sanaa kwa sababu unalaliwa. Kwa kipimo hicho, kinu si sanaa kwa sababu kinatwanga. Kosa la kinu ni kutwanga. Mbuzi ya nazi ikikuna nazi ni chombo, ikipata kutu na kutundikwa mapokezi hotelini ni sanaa. Kipimo hiki ndicho tulichokirithi shuleni, na ndicho kinachotufanya leo tukutane ukumbini kujiuliza kama vyombo vyetu "vinafaa".

Mwaka 1988, New York tena, mtaalamu wa sanaa za Afrika Susan Vogel alikichezea kipimo hicho kwa makusudi. Alichukua wavu wa kuwindia wa Wazande, watu wa kaskazini mashariki ya Kongo na nchi jirani. Wavu umekunjwa na kufungwa tayari kwa kubebwa, furushi zito la kamba. Akauweka peke yake kwenye chumba cheupe chenye taa, vile vile wanavyowekewa wasanii wa kisasa wa jiji lile. Hakusema uongo wowote. Aliuweka tu mahali. Na wageni wakauona kama kazi ya sanaa ya kisasa.

Mwanafalsafa Arthur Danto, aliyekuwa mtu mkubwa katika mambo haya, akaandika kwenye katalogi ya maonyesho yale kwamba hapana, wavu ni chombo. Maana yake inaishia kwenye kazi yake. Kazi ya sanaa, alisema, hubeba maana inayopita matumizi. Miaka minane baadaye, mwaka 1996, Mwingereza Alfred Gell, mtaalamu wa tamaduni za watu, akamjibu. Akasema: hebu utazame mtego vizuri. Ndani ya mtego kuna picha ya mwindaji, akili yake imebaki pale hata akiondoka. Na ndani yake kuna picha ya mnyama, tabia yake, njia yake, udhaifu wake. Unataka maana gani nyingine?

Niko na Gell. Nami simtetei kwa kitabu. Mzee wangu, naomba hilo dema.

Hili hapa. Wanafunzi, lisogezeni, mlishike. Fito zimepasuliwa nyembamba, zimesukwa kwa matundu ya pembe sita, na tundu lina kipimo. Samaki mdogo anapita, mkubwa anabaki. Sasa tieni mkono hapa mdomoni. Unaingia kwa upana, unakwenda unapungua, unapungua, ncha za fito zimeelekea ndani. Kuingia, mkono umeteleza. Haya, utoe. Umeona? Ncha zinakukwaruza. Mzee huyu anamjua tasi. Anajua tasi ni mlaji wa majani ya baharini, anajua atafuata chambo, anajua akishaingia atazunguka ukutani akitafuta njia na hatarudi pale katikati alipoingilia. Mawazo ya samaki yamesukwa hapa ndani kwa fito. Ukilitundika hili ukutani usijue tasi anafikirije, unatazama matundu mazuri tu.

Na ndivyo yanavyotundikwa. Iko hoteli moja ya ufukweni, jina nalihifadhi, wamening'iniza madema mapokezi, ndani yake wametia taa. Yanapendeza, nisiwe mnafiki. Kivuli cha yale matundu kinatambaa dari nzima. Nikamuuliza binti wa mapokezi, haya yametengenezwa na nani? Akanijibu kwa adabu zote: mbunifu wetu ametoka Ulaya, mzee.

Hakukosea. Alinijibu swali kama lilivyozoeleka. Anayehesabika ni aliyechagua.

Ndugu zangu, mpaka hapa nimesema kana kwamba kupandishwa ukutani ni heshima na tatizo letu ni kwamba hatupewi. Ngojeni. Kuna vitu havitaki.

Kwa ndugu zetu Wagiriama, pwani ya Kenya, mzee wa chama cha Gohu akifariki huchongewa kigango. Ni ubao mrefu uliochongwa mtu kwa ufupisho mkali, kichwa duara, kiwiliwili kimejaa pembetatu zilizokatwa kwa uangalifu. Husimamishwa kwa ajili ya roho ya marehemu, na kikishasimamishwa hakihamishwi. Familia inaweza kuhama kutafuta shamba jipya, kigango kinabaki. Kinanyeshewa, kinaliwa na mchwa, kinaanguka. Kuoza kwake ni sehemu ya maisha yake.

Kisha wakaja wenye maduka ya vinyago. Tangu miaka ya 1970 na 1980 vigango viling'olewa usiku, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikafika Marekani kwa mamia, kwenye sebule za matajiri na kwenye makumbusho. Huko vikawa sanaa safi kabisa. Ukuta mweupe, taa, lebo: "Nguzo ya ukumbusho, Kenya." Hakuna aliyeuliza jina la mtu aliyechongewa. Watafiti wakaanza kufuatilia picha zilizopigwa vijijini, wakakitambua kigango kilichoibwa kimesimama makumbusho ya mbali. Mwaka 2007 viwili vikarudishwa, kimoja kutoka makumbusho ya jimbo la Illinois, kingine kutoka chuo kikuu cha Hampton. Makumbusho ya Denver nayo ikakubali kuviachia vigango vyake 30.

Sasa nijibuni. Kigango ni sanaa? Nami nauliza, ukishasema ndiyo, umempa nini yule mzee? Kwa kukiita sanaa wamekizuia hata kuoza.

Tucheke kidogo, maana nawaona wengine wamenuna. Mwaka 2024, kwenye jumba moja la sanaa mjini Lisse, Uholanzi, msanii Mfaransa Alexandre Lavet alikuwa ameweka makopo mawili ya bia yaliyobonyea, ndani ya kijumba cha lifti ya kioo, yaonekane kama yameachwa na mafundi wa ujenzi. Akaja fundi wa lifti. Akaona makopo. Akafanya ambacho mama yake alimfundisha. Akayatupa. Wakayakuta kwenye mfuko wa taka, hayajaharibika. Na makopo yale hayakuwa makopo ya dukani hata kidogo. Msanii alikuwa ameyapaka rangi kwa mkono, alama kwa alama, herufi kwa herufi, kwa kazi ya muda mrefu. Mimi kisa kile kinanifurahisha pande zote mbili. Fundi hakukosa, na msanii kasifiwa kuliko angesifiwa na gazeti lolote.

Ndizi je? Najua mnaingoja ndizi.

Desemba 2019, Miami, Mtaliano Maurizio Cattelan alibandika ndizi mbivu ukutani kwa selotepu pana ya kijivu. Akaiita Mchekeshaji. Bei dola 120,000. Wakanunua! Mtu mmoja akaja akaibandua akaila mbele ya watu, wakabandika nyingine, maonyesho yakaendelea, maana kinachouzwa si tunda. Kinachouzwa ni cheti, na maelekezo ya jinsi ya kubandika. Ikioza unabadilisha. Novemba 2024 nakala moja ikapanda mnadani New York, ikafika dola milioni 6.2. Mnunuzi, tajiri wa fedha za mtandaoni, akaila mbele ya waandishi wa habari huko Hong Kong.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ile ndizi haikufanya lolote kati ya hayo, ilisindikizwa na karatasi.

Mzaha wa beseni nauheshimu. Ulikuwa mtihani kwa watu waliodai hawachuji, na wakafeli. Mzaha wa ndizi umekuja miaka zaidi ya mia baadaye, kwenye soko ambalo limekwisha kukubali kila kitu, hakuna anayetegwa, wote wanacheka pamoja kuelekea benki. Lakini kuna mtu mmoja kwenye kisa hicho hakucheka. Ndizi iliyobandikwa siku ya mnada ilinunuliwa asubuhi kwenye meza ya matunda mtaani, nje ya jumba lile lile la mnada, kwa senti 35. Muuzaji alikuwa mzee mhamiaji kutoka Bangladesh, mwenye zaidi ya miaka 70, ameajiriwa kuuza kwa saa. Mwandishi wa gazeti alipomfuata kumweleza ndizi yake imeuzwa shilingi ngapi, yule mzee alilia. Nyinyi wa Bukoba, nyinyi wa Moshi, nyinyi wa Rungwe mnaoijua ndizi tangu inapopandwa chipukizi, mnanielewa ninaposema kwamba katika kisa kizima cha dola milioni 6.2 hakuna mahali palipotajwa mkulima.

Na si lazima iwe hivyo. Mwaka 2022 Uganda ilishiriki kwa mara ya kwanza na banda lake kwenye maonyesho makubwa ya Venice, ikapewa sifa maalumu na majaji. Mmoja wa wasanii wawili wa banda lile, Acaye Kerunen, alipeleka kazi zilizoanzia kwenye mikono ya wanawake wasusi wa vijijini, ukili, mikeka, vikapu, nyuzi za migomba. Naye anasema wazi kwamba kazi inaanza kwao. Nairobi yuko Cyrus Kabiru, anayetengeneza miwani kwa vyuma na nyaya za jalalani. Husimulia kwamba alipokuwa mdogo alitaka miwani, baba yake akamwambia ajitengenezee. Hao wawili wanaokota kama Duchamp alivyookota, ila mikono yao imeingia kazini, na ukiwauliza nyuzi zimetoka kwa nani, wanajua.

Basi nije kwenye maonyesho yetu, maana mwenyekiti ananitazama na saa.

Kamati imeniuliza lebo ziandikweje. Rasimu niliyoletewa ilisomeka hivi: "Mkeka, pwani ya Tanzania." Nimeikata kwa wino mwekundu, mwenyekiti anisamehe. Lebo ya mkeka ule iandikwe jina la mama aliyeusuka, kijiji chake, ukindu umekatwa wapi, rangi imechemshwa na nini. Iandikwe nani kauchagua kuja hapa, kwa sababu kuchagua nako ni kazi na mwanafunzi aliyeuchagua ajulikane. Iandikwe alilipwa kiasi gani, au kama ni wa kuazima, unarudi kwake lini. Mstari wa mwisho uandikwe unatumikaje, ili mtoto atakayeupita asidhani umezaliwa ukutani. Na kama mwenyewe hataki chombo chake kitundikwe, kisitundikwe. Akitaka wageni walale juu ya mkeka, tutautandika chini na watavua viatu.

Mzee wa madema ameshaniambia lake haliwezi kukaa wiki mbili ukumbini kwa sababu bamvua ya mwezi huu, yale maji makubwa, hataki kuikosa. Nimekubali. Siku za bamvua litakuwa baharini, na kwenye nafasi yake tutaacha msumari na lebo inayosema liko kazini.

Fomu ziko kwa katibu pale mlangoni, ni za bure. Asiyeandika ataandikiwa na wanafunzi, na atasomewa kabla hajaweka dole gumba. Vyombo vinapokelewa kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Vyungu tafadhali vifungwe kwa kanga au majani makavu, gari la kamati halina springi.

Ahsanteni sana. Maswali, nadhani tuanze na huyu mama hapa mbele, ameinua mkono tangu kwenye choo.